Rasi Iliyohifadhiwa

Nepi ya kwanza ilimpasukia mkononi kabla jua halijachomoza vizuri, na kilichokuwa ndani yake kikamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Msusi hakupiga kelele. Alichuchumaa, akausugua mkono kwa mchanga, akausuuza kwenye wimbi lililokuja. Wimbi likarudi zake na kumwachia kipande cha bandeji kimejiviringa kwenye kifundo cha mguu.

Mikononi alikuwa amevaa mifuko ya mkate, ameifunga kwa raba za nywele. Glavu zilikuwepo. Zilikaa ndani ya boksi kwenye buti la gari la Kamati, na boksi hilo lilifunguliwa siku za wageni tu.

"Leo bahari imekula nini?" aliuliza rafiki yake, muuza chai, aliyekuwa akiburuta gunia pembeni yake. "Maana hiki ilichotapika, hata mbwa hali."

"Okota, shoga. Usikiangalie."

"Nisikiangalie sawa. Na kunusa je? Macho yana kope, pua haina mlango."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka bila kuinuka. Walikuwa wametapakaa ufukoni kutoka mdomo wa kijito hadi chini ya Rasi, migongo juu, wote ndani ya fulana za kijani zilizoandikwa NAJITOLEA KWA PWANI YANGU. Walikuwa waosha vyombo, wauza mboga, wajane, mfua nguo mmoja mwenye kikohozi. Wanaume nao walikuja mwanzoni. Waliposikia hakuna posho walipungua mmoja mmoja, mpaka wakaisha.

Takataka zilikuja na maji kujaa. Wangesafisha leo mpaka mchanga ung'ae, na kesho kutwa ufuko ungekuwa umechafuka upya: vichupa vya dawa, mirija, pamba zenye damu iliyogeuka kahawia, vipande vya sabuni za hotelini, mifuko ya njano iliyochanika. Mwenyekiti wa Kamati aliwaeleza kwamba mikondo ya bahari huleta uchafu kutoka nchi za mbali. Walimwamini. Bahari kweli inatoka mbali.

Msusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha. Sababu yake ilikuwa kule juu, Rasini, kwenye jabali kubwa lililoingia baharini, ambako kulikuwa na kuta za mawe za mji wa kale, kisima cha zamani na makaburi ya watu wa kwao tangu enzi zisizo na wa kuzikumbuka. Mama yake alizikwa huko. Na kabla hajazikwa huko, mama huyo, ambaye naye alikuwa msusi, alikuwa akimpandisha Rasini kila alasiri. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta, upepo ukiwapiga, mama akimfundisha kugawa nywele kwa jino la chanuo, mstari unyooke kama uzi wa fundi mwashi. Kamati ilipokuja na kusema inatafuta watu wa kulinda kasa, mikoko, kuta na makaburi yasije yakaliwa na wenye mahoteli, hakuuliza atapata nini. Aliuliza waanze lini.

Baadaye Rasi ikazungushiwa seng'enge. Ni kwa muda, waliambiwa, kasa watage kwa amani na wataalamu wachunguze zile kuta. Likawekwa lango, na juu ya lango bango: ENEO LA URITHI LILILOHIFADHIWA. USIINGIE. Huo muda ulikuwa bado unaendelea. Mlinzi wa lango alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na hata huyo alisema amri ni amri. Kaburi la mama mkwe, alimwahidi, angelisafisha kwa mikono yake.

"Mama, geuka huku kidogo." Alikuwa Katibu wa Kamati, msichana mwenye viatu vyeupe na simu pana, anakanyaga mchanga kama paka aliyemwagiwa maji. "Hapo hapo. Sasa shika ile chupa."

"Hapa kuna sindano nyingi, binti. Piga picha na hizi."

"Sindano hazipendezi, mama. Wafadhili wanapenda chupa."

Msusi alinyoosha mkono wa kulia kuing'oa chupa ya maji iliyozama nusu. Chini yake kulikuwa na sindano iliyosimama wima ndani ya mchanga. Ilipita kwenye mfuko wa mkate kana kwamba haupo, ikaingia kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ikatulia.

"Tabasamu," alisema Katibu.

Akatabasamu. Picha ilitoka nzuri.

*

Mkono ulivimba kwanza kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Kisha ukavimba kama wa mtu mwingine kabisa. Aliukanda kwa maji ya chumvi, akaufunga kitambaa, akaendelea kusuka kwa vidole vilivyokubali kukunjika.

Alikuwa akiishi chumba cha uani, nyumbani kwa mdogo wake. Wateja walikaa kwenye kigoda mlangoni, mgongo kwake, miguu uani. Siku hiyo alikuwa na karani wa posta, mwanamke msafi, mteja wake wa miaka, na nusu ya kichwa ilikuwa tayari.

"Dada, samahani," alisema karani. "Hapa kuna kitu kinanuka?"

"Mtaro huo. Wameziba huko juu."

Msusi akavuta nywele, akafunga fundo, akavuta tena.

"Mtaro uko kule, dada yangu. Hii harufu inakuja kila ukileta mkono."

Karani alijifunga kanga juu ya kichwa chake, nusu mistari nusu kichaka, akasema atarudi kumalizia dada akipata nafuu. Jioni yake Msusi alimwona akitoka saluni ya barabara ya pili, kichwa kizima.

Tabibu wa zahanati aliufungua ule mkono na kurudi hatua nyuma. Kitambaa kilikuwa kimeshika kwenye kidonda. Alipokivuta kilikuja na ngozi, na usaha wa kijani ukachuruzika kwenye beseni. Harufu ikajaa chumba. Mama aliyekuwa na mtoto kwenye benchi alitoka nje bila kuambiwa.

"Umechomwa na nini?"

"Sindano. Ufukoni, tukiokota taka."

"Sindano ya nani?"

"Ya bahari."

"Bahari haitibu watu, mama." Tabibu alinawa mikono, akanawa tena. "Nenda hospitali kubwa leo. Si kesho. Na hao unaowafanyia kazi wakupe gari, maana kutembea kwenyewe kutakumaliza."

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Kamati.

Ofisi ilikuwa nyumba mpya yenye baraza pana, barabara ya kupandia Rasini. Mlango wake ulizuiwa usijifunge na jiwe la matumbawe lililochongwa maua na nyota, mfano wa yale yaliyokuwa vichwani mwa makaburi. Ndani kulinukia dawa ya maua. Mwenyekiti, mstaafu wa forodha mwenye kitambi kilichotunzwa, alikaa nyuma ya meza kubwa. Mbele yake lilikuwepo gamba la kasa, limepakwa vanishi, ndani yake peremende za wageni.

Msusi alitaka kukaa.

"Kiti hicho ni cha kitambaa, mama," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Simama tu, hatutachukua muda. Nimesikia habari za mkono. Pole sana. Bahari ina mambo."

"Asante, Mwenyekiti. Tabibu amesema niende hospitali kubwa. Ndiyo nimekuja, maana niliumia kazini."

"Kazini." Alilitamka neno hilo taratibu, kama anayeonja mchuzi usiokolea. "Hebu tuelewane, mama yangu. Tumekuajiri?"

"Hapana."

"Tunakulipa?"

"Hamnilipi."

"Basi hukuwa kazini. Ulikuwa unajitolea. Mtu aliyejitolea ametoa. Sasa utatoa, halafu urudi kudai?"

"Sidai. Naomba gari tu linifikishe."

"Gari linapokea wageni wetu wafadhili wiki hii yote. Ungekuja wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita nilikuwa sijaoza."

Mwenyekiti alicheka kidogo, akakohoa, akavuta droo. Alitoa fulana mpya ya kijani, bado imo kwenye plastiki yake, akaisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni mwa meza, upande wake.

"Hii ni ya kwako. Wageni wakifika leo mchana nataka wakuone mbele. Wewe ni mzazi wetu hapa. Huo mkono utauweka nyuma, hivi."

Akamwonyesha namna ya kuuweka mkono nyuma. Msusi aliichukua fulana kwa mkono wa kushoto. Alipokuwa akitoka alisikia kichupa cha dawa ya kutakasa mikono kikibonyezwa, mara moja, mara ya pili, na dirisha likifunguliwa.

*

Barabarani alilazimika kukaa kitako chini ya nguzo ya umeme, kwa sababu kichwa kilikuwa kinazunguka. Ndipo lori lilipompita likipanda Rasini. Lilikuwa limefunikwa turubai na halikuwa na haraka. Nyuma yake kulidondoka maji, tone kwa tone, yakichora mstari juu ya lami. Aliutazama mstari ule. Hakuhitaji kuinama. Ilikuwa ile harufu ya ufukoni. Ilikuwa harufu ya mkono wake.

Hakwenda langoni. Maji yalikuwa yamekupwa, akazunguka kwa chini, kwenye miamba, njia aliyoijua tangu utotoni, akapanda kwa magoti na mkono mmoja. Alipofika juu alishika seng'enge na kuona kwamba haikuwa imebana upande wa bahari. Nani angekuja kwa upande wa bahari? Akapenya.

Kwanza hakuona ila kunguru. Walikuwa wengi kiasi cha kuifanya ardhi ionekane inachemka. Lori lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi kwenye kisima, sanduku lake la mizigo limeinuliwa, na mifuko ya njano na myeusi ilikuwa ikiteremka kwa mvumo mzito, mmoja ukiusukuma mwingine. Kisima kilikuwa kimejaa zamani. Sasa kilikuwa kilima. Mifuko ya chini ilikuwa imepasuka na kuchanganyika na mabaki ya vyakula vya hotelini, na mchanganyiko huo ulikuwa unatembea. Ulikuwa na funza wanene, weupe, waliolala kwa tabaka kama wali uliomwagwa. Kutoka ubavuni mwa kilima maji ya kahawia yalikuwa yakifuata ufa wa jabali kuteremka baharini, polepole, bila kukoma. Pembeni ya ufa alilala kasa mkubwa, tumbo juu, amepasuka, bandeji imemtoka mdomoni.

Ukuta alioegemea na mama yake haukuwepo. Mawe yake yalikuwa yamesukumwa kando na trekta ili lori lipate pa kugeukia. Makaburi yalianzia nyuma ya ukuta, au yalikuwa yakianzia. Aliyatafuta kwa kuhesabia mti mmoja wa mkadi uliobaki. Kutoka kwenye mkadi unashuka kidogo, unapinda kushoto. Alishuka kidogo, akapinda kushoto, akajikuta amezama mpaka ugokoni.

Lori lilipoondoka alianza kuondoa mifuko. Alitumia mkono wa kushoto na pindo la kanga. Alivuta mfuko, ukapasuka, ukamwaga glavu zenye damu na kitu laini chenye rangi ya ini ambacho hakutaka kukijua. Akavuta mwingine.

"Shemeji."

Mume wa mdogo wake alikuwa amesimama ukingoni, na sare yake, na kirungu, kitambaa kimefunika pua na mdomo.

"Shemeji, tafadhali toka humo."

"Uliniambia unalisafisha."

"Nilikuwa nalisafisha. Mwanzoni."

"Mwanzoni hadi lini? Wameanza lini hawa?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Tangu seng'enge. Seng'enge yenyewe ni ya kazi hii. Mwenyekiti ana tenda ya taka za hospitali na za mahoteli. Tanuri la kuchomea liko mbali, mafuta yanakula faida. Hapa ni karibu, na hakuna anayeruhusiwa kuingia."

"Na sisi kule chini tunaokota."

"Nanyi mnaokota."

"Mama mkwe wako yuko chini ya hizi. Aliyekukubali huna hata kitanda."

"Najua alipo." Sauti yake ilikuwa ndogo ndani ya kitambaa. "Marehemu hali, dada. Wanangu wanakula. Ungependa mdogo wako arudi kuosha vyombo kwa watu? Na wewe, hicho chumba cha uani, unafikiri kodi yake inatoka wapi? Teremka ulikotokea. Mimi sijakuona."

Msusi akachagua mfuko mmoja wa njano uliokuwa bado mzima, akapitisha kanga kwenye fundo lake, akafunga kanga kiunoni, akaanza kuuburuta. Hakurudi kwa njia ya miamba. Alielekea langoni.

"Shemeji, usinifanyie hivyo," mlinzi alisema nyuma yake. Lakini hakumgusa. Labda ni huruma. Labda ni ule mkono.

*

Wageni walikuwa wamekwisha kufika, wanakula barazani kwa Kamati. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, feni zimewashwa zifukuze nzi. Wanawake wa kujitolea walipangwa ukutani ndani ya fulana mpya, na kila mmoja alikuwa na glavu za buluu mikononi. Muuza chai alikuwa ameajiriwa siku ile kuhudumia vikombe. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mwenzake, akija katikati ya barabara amejifunga mzigo kama ng'ombe wa jembe.

Msusi alipanda ngazi za baraza. Aliufungua mfuko, akaushika kwa chini, akaugeuza.

Vilidondoka vyote kwa pamoja kwenye sakafu ya vigae: sindano, mirija, pamba, pakti za damu zilizopasuka, na maji meusi yaliyokimbia chini ya meza kwenye viatu. Mgeni mmoja kijana aliinuka, akafika kwenye nguzo, akatapika. Wengine walibaki na vijiko hewani. Harufu ilitangulia maneno.

"Hivi vinatoka Rasini," Msusi alisema. "Kisimani, na makaburini. Mama yangu yuko chini ya hivi. Lori limetoka kumwaga sasa hivi."

Kiongozi wa wageni, mwanamke mwenye miwani na mvi zilizokatwa fupi, alijifunika pua kwa leso. "Anasema nini huyu? Rasi si imefungwa?"

Mwenyekiti hakutaharuki. Aliweka uma wake kando ya sahani, akajipangusa mdomo, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Waheshimiwa, nawaombeni radhi. Sikutaka mlione hili, lakini limekuja lenyewe. Ndilo lile nililowaeleza mlipofika. Sisi tunahifadhi, baadhi ya wenyeji wanapenya seng'enge, wanatupa taka, wanafukua makaburi kutafuta mali. Huyu mnayemwona tulimlea wenyewe, tulimpa hata fulana. Asante ya punda ni mateke." Akamgeukia. "Mama, uliingia Rasini?"

"Niliingia."

"Kwa kibali cha nani?"

Msusi akamtafuta muuza chai kwa macho. Muuza chai alikuwa ameinamia kikombe, anamimina, na kikombe kilikuwa kimekwisha kujaa. Chai ilimwagika kwenye kisahani, ikamwagika kwenye kitambaa cheupe, naye aliendelea kumimina. Akawatazama waliopangwa ukutani. Mfua nguo alikohoa. Mikono ya buluu ilikuwa imening'inia kando ya mapaja, misafi.

"Ndiyo maana tukaandika," Mwenyekiti aliendelea, "kwamba seng'enge peke yake haitoshi. Tunaomba ukuta."

Mwanamke wa mvi aliitikia kwa kichwa taratibu, leso bado puani, jicho kwenye ule uchafu. "Naelewa sasa," alisema. "Ukuta wa kimo gani?"

Msusi alitaka kujibu, ingawa hakuulizwa. Vigae vikainuka vikampiga shavuni.

*

Alizindukia hospitali kubwa, hatimaye, na alifikishwa kwa gari, ila lilikuwa la polisi. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Wa kulia ulikuwa mwepesi. Kidole gumba kilikuwa kimekatwa, na cha shahada, na sehemu ya kiganja.

Muuza chai alikuja kumwona akiwa mahabusu. Alileta uji. Alikaa akikoroga uji uliokwisha kukorogwa.

"Wamenipa tenda ya chai, shoga," alisema mwishoni. "Mikutano yote ya Kamati."

"Hongera."

"Usiniambie hongera. Nitukane."

"Nikikutukana mkono utaota?"

Muuza chai alilia bila sauti, akajifuta na ukosi wa fulana ya kijani. "La kuvunda halina ubani, waliotuambia hivyo walikuwa maskini," alisema. "Hawa wana ubani wa kufukizia nchi nzima."

Mahakamani alisomewa makosa matatu: kuingia eneo la urithi bila kibali, kuharibu makaburi ya kale, na kutupa taka za hatari mahali pa watu. Shemeji yake alipanda kizimbani akiwa na sare iliyopigwa pasi. Aliapa. Alisema alimkuta mshtakiwa akifukua. Ilikuwa kweli. Alisema alimwona akiburuta mfuko kutoka ndani kuupeleka nje. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Mdogo wake alikaa benchi la nyuma, mtoto mapajani, akimfunga na kumfungua mtoto kifungo cha shati kilekile.

"Una la kusema?" Hakimu alimuuliza.

"Naomba mahakama ipande Rasini. Hata leo. Mtu akifika langoni tu, atanusa."

"Mahakama hainusi, mama. Mahakama inapokea ushahidi."

"Basi ikaone."

Hakimu alimtazama mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, lile ni eneo lililohifadhiwa. Kuingia kunahitaji kibali cha Kamati. Tuliomba. Kamati imejibu kwamba huu ni msimu wa kasa."

Hakimu alisema sheria ilimruhusu kumfunga jela. Lakini Mwenyekiti wa Kamati mwenyewe alikuwa amesimama kumwombea, akasema Kamati haina kinyongo na mama huyu, na kwamba ulemavu aliojipatia ni funzo tosha. Kwa hiyo angetumikia kifungo cha nje kwa kufanya kazi za jamii. Angeokota taka ufukoni, kila siku isipokuwa ya mapumziko, chini ya usimamizi wa Kamati.

Msusi aliuliza kama anaweza kukataa.

Hakimu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii si ya hiari, mama."

*

Walimpa kizibao cha rangi ya chungwa, ili aonekane kwa mbali. Chumba cha uani kilikuwa kimekodishwa kwa mtu mwingine. Alilala kwenye stoo ya mfua nguo, kati ya ndoo. Wanawake wa fulana za kijani waliambiwa wasizungumze na mfungwa, nao walitii, ila mara moja moja mtu alimwachia kipande cha mkate juu ya jiwe na kwenda zake bila kugeuka. Kule juu ukuta ulikuwa unapanda. Mafundi hawakuagiza mawe. Waliyakuta huko huko, mengine yamekwisha kuchongwa. Malori yalipita mchana kweupe sasa.

Aliokota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliutumia kuzuia mdomo wa gunia.

Asubuhi moja wakaletwa watoto wa shule, darasa zima, kwa ziara ya kujifunza urithi wa pwani yao. Katibu wa viatu vyeupe aliwatembeza. Aliwaonyesha bango, akawaonyesha ukuta, akawaambia ndani yake kuna mji wa kale ambao wao watauona wakikua. Watoto wakauliza mbona pananuka. Akawaambia ni bahari. Walikuwa wamepewa maji na juisi na sasa walikuwa wamemaliza, kila mmoja ameshika chupa au pakiti tupu, mikono inanata.

"Tunatupa ovyo?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Mnamwona yule mama wa rangi ya chungwa? Yule alitupa ovyo. Aliharibu makaburi ya babu zetu. Sheria ikamshika. Sasa nani ataniambia, taka zetu tunampelekea nani?"

Wakanyoosha vidole kumwelekea. Mwalimu akawapanga mstari mmoja, wafupi mbele, akawakumbusha kwamba mtu mzima ni mtu mzima, hata mkosaji, na kwamba hakuna atakayepita bila kuamkia.

Wa kwanza alikuwa msichana mdogo, soksi zimevutwa hadi magotini. Alikuwa ameibana pua kwa vidole viwili, na sauti ilitoka imebanwa vilevile.

"Shikamoo, mama."

Akadondosha pakiti ndani ya gunia, na tone la juisi likaruka kwenye mkono uliokatwa.

"Marahaba, mwanangu," Msusi alisema, akaupanua mdomo wa gunia kwa vidole vilivyobaki. Mtoto wa pili akasogea.